Pete ya Mukuku: kesi ya nyani, hakimu ngedere

Habari ya pete ya Mukuku niliiandika gazetini kwa aya nne. Mhariri wangu alizisoma, akakata moja, akaniambia, "Kijana, hiki ni kioja. Weka picha kubwa, watu watasoma." Picha ikatoka kubwa kuliko habari yenyewe. Simlaumu. Mzee wa watu ana ukurasa wa kujaza na matangazo ya kulinda. Lakini ukurasa huu wa hapa ni wangu, haulipiwi na mtu, kwa hivyo leo nitayasema yale yaliyokatwa, na mengine ambayo hata sikuthubutu kuyaandika.

Kwa wale waliokuwa ushago wakila Krismasi na hawakufuatilia: Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Kipenyo chake mita 2.5 hivi. Uzani wake kilo 500 hivi, yaani fahali aliyenona. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, likafika na kuichukua. Tarehe 1 Januari 2025 likatoa taarifa: uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya roketi, ile inayotengana na sehemu nyingine safarini; kwa kawaida vitu hivi huundwa viungue vikirudi kwenye hewa ya dunia, au viangukie pasipo watu, kama baharini; hili ni tukio la pekee; na litashughulikiwa kwa kufuata sheria ya kimataifa ya anga za juu.

Tukio la pekee. Sheria ya kimataifa. Hebu tuanze na la kwanza maana halina kazi kubwa.

Mei 2020 mabaki ya roketi ya China, Long March 5B, yaliripotiwa kuanguka katika vijiji vya Ivory Coast, likiwemo bomba refu la chuma. Machi 2024 kipande cha mzigo uliotupwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu kilitoboa paa la nyumba ya watu huko Naples, Florida. NASA wakakichukua, wakakipima, wakakiri: ndiyo, ni chetu. Februari 2025, wiki chache tu baada ya Mukuku, mabaki ya roketi ya Falcon 9 yalianguka Poland karibu na mji wa Poznań, na shirika la anga la Poland likamtaja mwenye roketi siku hiyo hiyo. Tukio la pekee gani hilo lenye ndugu wengi hivi?

Sasa la pili, sheria. Hapa ndipo naomba uvumilivu wako, ndugu msomaji, kwa sababu neno "mkataba" huwafukuza watu kama moshi unavyofukuza nyuki.

Ipo sheria, na kwenye karatasi ni nzuri ajabu. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema matumizi ya anga za juu yawe kwa faida ya nchi zote, bila kujali nchi imeendelea kiasi gani kiuchumi au kisayansi. Unasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha huko. Unasema kampuni binafsi ikirusha kitu, nchi yake ndiyo inayobeba jukumu. Halafu ukaja mkataba wa mwaka 1972 kuhusu dhima, na huu ndio unaotuhusu sisi wenye mapaa ya mabati: kitu chako kikianguka na kuharibu mali au kumdhuru mtu aliye juu ya ardhi, unalipa. Hakuna kuulizwa kama ulizembea. Umerusha, kimeanguka, lipa. Ukiusoma unaweza kudhani uliandikwa na mkulima wa Makueni mwenyewe.

Lakini una vidonda viwili. Cha kwanza, mwenye kudai chini ya mkataba huo ni serikali. Mkulima hana mlango wake. Serikali ikiamua kunyamaza kwa sababu ina mkopo wa kuomba kwa mwenye roketi, mkulima amenyamazishwa naye. Cha pili ndicho kibaya zaidi. Ili udai, lazima umjue aliyerusha.

Na nani alirusha pete ya Mukuku? Kwanza ulizuka uvumi kwamba ni India, kwa kuwa siku hiyo hiyo India ilikuwa imerusha roketi. Ikasemwa hata kwamba Kenya imedai fidia, na KSA ikalazimika kukanusha. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi akapiga hesabu zake akataja kifaa kilichobaki juu tangu roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliporushwa mwaka 2008. Mwanasayansi mwingine anayejulikana sana kwa kufuatilia vitu vya angani, wa kule Harvard, akasema hashawishiki kwamba chuma hicho kimetoka angani, maana haoni alama za kuungua alizotarajia. Tazama hapo. Kilo 500 za chuma zimelala kwenye udongo wetu, na wanaobishana ni kitu gani wako Uholanzi na Marekani. Sisi tunasubiri matokeo kama mtu aliyepelekwa hospitali akiwa hajitambui.

Si ubishi wao ninaoulalamikia. Wale ni watu waungwana, wanafanya kazi hiyo wakati mwingi kwa mapenzi tu na kuiweka wazi bure. Ninalolalamikia ni chanzo cha data. Ili ujue ni kitu gani kimepita juu ya Makueni saa tisa alasiri, unahitaji rada na darubini zilizosambaa duniani, zikifuatilia maelfu kwa maelfu ya vitu usiku na mchana. Orodha kubwa ya wazi ambayo dunia nzima huiegemea hutunzwa na jeshi la Marekani. Ni msaada mkubwa, nashukuru. Ila mizunguko ya satelaiti za siri za jeshi hilo haichapishwi humo. Urusi na China nao wana mitambo yao ya kuangalia na wanatoa wanachotaka kutoa. Umoja wa Mataifa una daftari lake chini ya mkataba wa mwaka 1975, ambamo nchi zinatakiwa kuandikisha zinavyovirusha, lakini maelezo ni machache na nchi nyingi haziandikishi vipande vya roketi kabisa. Pete za kutenganisha? Sahau.

Kwa maneno mengine, ushahidi wa kosa uko kabatini kwa wale wale wanaoweza kuwa washtakiwa, na ufunguo wameshika wao. Wazee wetu walishasema kuhusu kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Hawakuwa wamewahi kuiona roketi, lakini nyani walikuwa wakiwajua vizuri.

Kuna mtu ataniambia mkataba wa 1972 ulishafanya kazi, kwa hivyo tatizo ni uvivu wetu. Kweli, kuna kesi moja maarufu. Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia ndani yake, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kutawanya vipande vyenye mionzi kwenye theluji. Kanada ikasafisha kwa msaada wa Wamarekani, ikapeleka bili ya zaidi ya dola milioni 6 za Kanada, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa milioni 3. Safi. Ila jiulize kwa nini Kanada ilifaulu. Satelaiti ile ilikuwa ikifuatiliwa na rada za rafiki yake kabla haijaanguka. Hakukuwa na ubishi ni ya nani. Jirani yake alikuwa dola kubwa, na vita baridi vilimfanya jirani huyo afurahie kusaidia. Kenya ina jirani gani mwenye rada?

Na yule wa Florida? Familia ile ilipata wakili, ikawasilisha dai la dola 80,000 kwa NASA, kwa sababu NASA walikuwa wamekwisha kukiri. Mkuki kwa nguruwe. Ukiangukia Naples, Florida, unaitwa ajali na unapewa fomu ya kujaza. Ukiangukia Mukuku unaitwa kioja na unapewa picha kubwa gazetini. Hiyo picha niliiomba mimi, kwa hivyo na mimi nimo.

Sasa usidhani kwamba vitu hivi huanguka popote kwa usawa kama mvua ya masika. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Astronomy hesabu ya hatari ya viunzi vya roketi vinavyoachwa vianguke vyenyewe. Walikuta kwamba kwenye latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos uwezekano wa kiunzi kurudi ni karibu mara tatu ya latitudo za New York, Beijing na Moscow. Sababu yake haina uchawi wowote. Satelaiti nyingi za mawasiliano hupelekwa kwenye njia iliyo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Roketi inayozipeleka huacha kiunzi chake kwenye njia inayozunguka karibu na ikweta hiyo hiyo. Kinashuka taratibu, miezi au miaka, mpaka hewa inakishika. Na chini ya ikweta ni nani aliyejenga? Ni sisi, na Waindonesia, na Wakolombia.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote: dawa ipo. Unaacha mafuta kidogo kwenye kiunzi, unawasha injini tena, unakielekeza kianguke katikati ya bahari ya Pasifiki ya kusini ambako hakuna hata mvuvi. Wanajua kufanya hivyo na mara nyingi wanafanya. Lakini mafuta ni uzani, na uzani ni fedha, na wakati mwingine injini ile haikuundwa kuwaka mara ya pili. Basi wanapiga hesabu, wanaona uwezekano wa kumpiga mtu ni mdogo, wanakiacha. Hesabu hiyo ni sahihi. Swali langu ni dogo tu: nani aliwapa ruhusa ya kuipiga kwa niaba yetu? Mtu akiniwekea rehani paa langu apate faida yake, hata kama uwezekano wa kulipoteza ni mmoja kwa elfu kumi, si nilitakiwa kuulizwa?

Nimelizungumza hili na rafiki yangu mmoja, tulisoma naye chuoni, sasa anaandika programu za kompyuta na anafanyia kazi kwao mashambani kwa sababu ya Starlink. Alinikasirikia. "Nyinyi waandishi mnapenda kulia," alisema. "Kabla ya hawa jamaa, hapa kwetu nilikuwa napanda juu ya mwembe kutafuta mtandao. Mnataka Umoja wa Mataifa uunde kamati, kamati iunde kamati ndogo, na mimi nirudi kwenye mwembe?"

Hoja yake ni nzito na sitaipita pembeni. Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na imefika mahali ambapo kampuni zetu za simu zilikuwa zikituahidi tangu tukiwa shule ya msingi. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia anga za juu, ile inayokutana Vienna, huamua kwa maafikiano ya wanachama wote, na sasa wanachama wamepita mia. Ukitaka kujua maana ya umilele, kaa pale. Mkataba wa mwisho mkubwa waliouzaa ni ule wa Mwezi, mwaka 1979, ambao hakuna hata dola moja kubwa inayorusha watu angani iliyoukubali, na Saudi Arabia iliyokuwa imejiunga ikajitoa, kujitoa kwake kukaanza kutumika Januari 2024.

Lakini mwambie rafiki yangu kwamba kamati haikuondoka, imehamishwa tu. Desemba 2022 makamishna wachache wa tume ya mawasiliano ya Marekani, waliokaa Washington, waliidhinisha satelaiti 7,500 za kizazi cha pili za Starlink. Zinapita juu ya Marekani na zinapita juu ya Makueni. Kufikia mwaka 2025 kampuni hiyo moja ilikuwa na zaidi ya satelaiti 7,000 zinazofanya kazi, zaidi ya nusu ya zote za dunia. Na ndani ya kampuni yenyewe kuna kamati ndogo zaidi, ya mtu mmoja. Septemba 2023 Elon Musk alieleza mwenyewe kwamba Waukraini walimwomba awashe huduma mpaka Sevastopol na alikataa. Huenda alikuwa na busara, huenda hakuwa nayo, sijali. Ninajali kwamba swali la vita na amani lilifika mezani kwa mfanyabiashara na likajibiwa hapo hapo, bila bunge, bila baraza, bila kura. Leo ni Sevastopol. Siku jirani zetu wawili wakigombana, meza itakuwa ile ile.

Basi, dawa yangu si kwamba kila nchi itoe kibali cha satelaiti kupita juu yake. Huo ungekuwa wendawazimu, na wala si mpya, tulishaujaribu. Tarehe 3 Desemba 1976 nchi nane za ikweta zilitia saini tamko la Bogotá: Brazil, Kolombia, Kongo, Ekwado, Indonesia, Kenya, Uganda na Zaire. Zilidai kwamba ile njia ya kilomita 35,786 juu ya ardhi zao ni mali yao ya asili, na anayetaka kuegesha satelaiti aombe ruhusa. Dunia ilicheka. Kisheria walikuwa na kesi mbovu, kwa maana mkataba wa 1967 ulikuwa umekwisha kukataza mtu kujimilikisha.

Mimi nimesoma habari za tamko lile mara nyingi na sicheki. Walikosea dai, lakini walikuwa wameona ugonjwa mapema kuliko wengine: kwamba "mali ya wote" ikigawanywa kwa utaratibu wa anayewahi, inakuwa mali ya mwenye roketi. Na kelele zao hazikwenda bure. Mwaka 1988 shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, lilikamilisha mpango wa kuiwekea kila nchi, hata isiyo na baiskeli ya kurusha, walau nafasi moja katika njia ile. Nafasi moja si nyingi. Lakini ilitoka kwa watu waliokubali kuchekwa. Kwa njia za chini zaidi, hizi za kina Starlink, hakuna mpango wa namna hiyo. Anayewahi anakula.

Kabla hamjanipigia makofi kwa kuwashambulia wazungu, tujiangalie na sisi. Mwaka 2021 Rwanda ilipeleka ITU maombi ya kuhifadhi nafasi za zaidi ya satelaiti laki tatu. Laki tatu! Ni mara nyingi kuliko vyote vilivyowahi kurushwa na binadamu tangu Sputnik mwaka 1957. Nyuma yake ilikuwepo kampuni ya mfanyabiashara wa Kimarekani aliyekuwa mwanzilishi wa OneWeb. Mnakumbuka mambo ya meli, ambapo tajiri wa Ugiriki anasajili meli yake Liberia au Panama ili sheria za kwao zisimguse? Ndiyo hayo, yamepanda juu. Bendera ya Mwafrika inakodishwa kwa mwenye haraka, halafu kikianguka kitu, chini ya mkataba wa 1967 jukumu liko kwa mwenye bendera. Tunakodisha bendera na bili inabaki kwetu.

Na sisi Wakenya hatuko salama kwenye lawama. Aprili 2023 tulishangilia Taifa-1 ikipanda kwa Falcon 9 kutoka California. Nilishangilia pia, nilikuwa chumba cha habari na nilipiga meza. Lakini mkataba unasema anayegharamia kurushwa naye ni mrushaji. Kwa hivyo na sisi tumo kwenye orodha ya wanaoweza kudaiwa. Taifa-1 ni kijidude cha kubebwa mkononi, kitaungua chote kabla ya kumfikia mtu, usihofu. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuingia kwenye mazungumzo haya kama mayatima tu. Malindi tumekuwa na kituo cha Waitaliano tangu miaka ya 1960. Satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililo pale baharini tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ndipo ikapewa jina lile, na ndiyo iliyofungulia dunia ramani ya miali ya eksirei angani. Tumekaa mlangoni mwa teknolojia hii zaidi ya nusu karne. Mlangoni, ndiyo.

Sasa nitasema ninachotaka, maana mwandishi asiyesema anachotaka ni mlalamishi tu, kama alivyosema rafiki yangu wa mwembe.

Nataka mfuko. Sio ndoto, mfano wake upo na Kenya ni mwanachama. Meli ya mafuta ikipasuka na kuchafua pwani, kuna mfuko wa kimataifa wenye makao yake London, ulioundwa kwa mkataba wa 1992, unaochangiwa na wanaopokea mafuta yanayosafirishwa baharini. Bima ya mwenye meli isipotosha, mfuko unalipa. Na sikiliza hili: hata meli ikiwa haijulikani, almuradi imethibitika mafuta yametoka kwenye meli ya mafuta, mvuvi anaweza kufidiwa. Hakuna anayemwambia mvuvi wa Mombasa, "Kwanza tuletee jina la nahodha." Waliona kwamba biashara nzima ya mafuta inafaidika, basi biashara nzima ichange. Kwa nini biashara ya roketi isichange vivyo hivyo, kwa kila kilo inayoachwa juu bila mpango wa kuishusha? Anayeshusha chake baharini salama achange kidogo. Anayeacha kianguke chenyewe achange sana. Utaona injini zitakavyojifunza kuwaka mara ya pili.

Na nataka orodha ya vitu vya angani iwe ya umma, chini ya Umoja wa Mataifa, yenye rada na darubini zake au walau data ya wote wenye rada ikiwekwa mahali pamoja. Ardhi ya ikweta ni mahali pazuri pa kuweka mitambo hiyo. Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa rasmi Cairo Aprili 2025, na mimi nina hofu litakuwa la kununua satelaiti kwa mkopo na kupiga picha na mawaziri. Lianze na hili. Kabla ya kuwa na macho ya kuangalia mashamba yetu kutoka juu, tuwe na macho ya kuona kinachotuangukia.

"Wakubwa hawatakubali," utasema. Labda. Lakini tazama walivyofanya wao. Septemba 2022 ile tume ya Washington iliweka kanuni kwamba satelaiti za njia za chini ziondolewe ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza kazi, na haikuwabana Wamarekani peke yao. Hata kampuni ya nje inayotaka kuuza huduma Marekani lazima ifuate. Hawakusubiri Vienna wala maafikiano. Walitumia soko lao kama rungu. Sisi tuna soko pia, na kila kampuni ya satelaiti inalitaka. Leseni ya kuuza intaneti Nairobi, Kampala, Kinshasa inatolewa na sisi. Iandikwe ndani yake: onyesha jinsi roketi yako ilivyoshushwa, onyesha bima, changia mfuko. Nchi moja ikifanya hivyo itasusiwa. Kumi zikifanya pamoja, hawawezi kuzisusia. Na ndani ya ITU kila nchi ina kura moja, Kenya sawa na Marekani, Burundi sawa na China. Mkutano mkubwa unaofuata wa masafa ya redio ni mwaka 2027. Wajumbe wetu wataenda na nini, zaidi ya masanduku ya kurudi na manunuzi?

Kuhusu pete yenyewe, KSA iweke hadharani kila ilichokipata: vipimo, picha za karibu, aina ya madini, barua zilizoandikwa na majibu yaliyokuja. Kama yule wa Harvard yuko sahihi na haikutoka angani, tuambiwe pia, tucheke pamoja na tujue chuma cha nusu tani kinatoka wapi kingine. Watu wa Mukuku ndio walioamka mwaka mpya wakiwa na hadithi hiyo, na wao ndio wa kwanza kustahili kujua mwisho wake.

Juzi nilimfuata mhariri nikamwomba siku tatu na nauli ya Makueni nifuatilie. Aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake, akaniuliza kwa hamu kabisa, "Kimeanguka kingine?"